Theluji Inaanguka Wapi Leo

Da Saada tulimzika Houston mwezi uliopita. Niliendesha gari peke yangu kutoka Grand Prairie, mwendo wa saa nne, redio nimeizima, nikafika wanawake wameshaketi sebuleni kwa binti yake, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Tulisoma, tukamaliza, ikaletwa chai ya tangawizi na mandazi, na binti yake akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama Mdogo Riziki, wewe ndiye uliyekaa naye zamani. Tuambie chochote kumhusu Mama." Nikasema alikuwa hodari wa kupika mbaazi. Wakacheka kidogo, wakangoja. Nilifungua mdomo tena, neno halikuja, na bibi mmoja aliyekaa ubavuni pangu akanishika goti akasema, "Mwacheni, majonzi hayo." Hayakuwa majonzi peke yake. Jambo jema kuliko yote ninalolijua kumhusu Saada ni kwamba aliwahi kukataa kusema uwongo kwa ajili yangu, na siwezi kulieleza hilo bila kueleza uwongo wenyewe ulikuwa upi. Pale sebuleni sikuthubutu. Nimekaa nalo wiki tatu, na sasa naliandika, maana kuandika ni rahisi kuliko kutazamwa usoni.

Uwongo ulikuwa huu: kila Jumapili asubuhi, kuanzia Novemba hadi Aprili, nilimpigia simu baba yangu Malindi nikamwambia kwamba niko Minnesota na kwamba nje theluji inaanguka, au ilianguka jana, au inakaribia. Nilikuwa Dallas. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Minnesota nilipelekwa kweli, Agosti ya mwaka huo, kwenye chuo cha uuguzi, na nilikaa huko wiki tano. Walinipa mtihani wa Kiingereza na hesabu, nikaanguka. Wakanipa tena, nikaanguka tena. Mama mmoja wa ofisini, mpole sana, akaniambia nikasome Kiingereza mwaka mzima kwanza, halafu nirudi. Badala ya kumwambia Baba maneno hayo, ambayo hayakuwa hata mabaya, nilipanda basi siku mbili nikaja Dallas kwa Saada, mtu wa Unguja ambaye nilikuwa na anwani yake tu, kwenye karatasi niliyopewa na shangazi yake nyumbani. Nilipoondoka kule kaskazini majani ya miti ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kugeuka njano. Theluji sikuiona hata punje. Ndani ya basi nilijiambia, Jumapili ijayo nitamweleza Baba. Neno hilo, Jumapili ijayo, nililisema miezi yote ile, na kila nilipolisema nililisema kwa nia safi kabisa. Hilo nalo linaniaibisha: kwamba nilijiona mkweli aliyechelewa kidogo.

Tuliishi Vickery Meadow, mtaa mmoja wa Dallas, ghorofa ya chini, chumba kimoja na sebule. Saada alilala chumbani kwa sababu mkataba ulikuwa wake, na mimi sebuleni juu ya godoro tulilolisimamisha ukutani kila asubuhi. Zulia lilikuwa na harufu ya mbwa wa watu waliotutangulia, na Saada alilifukizia udi mpaka ikawa harufu ya mbwa aliyefukizwa udi. Jikoni mlikuwa na dirisha moja lililotazama maegesho ya magari. Hapo ndipo alipokaa akichambua mbaazi, kama walivyofanya kwao kwenye kibaraza, akawataja wapitao kwa majina aliyowapa mwenyewe: Bwana Funguo, Mama Mikoba, Yule wa Kupiga Chafya. Tulifanya kazi sote wawili katika dobi ya hospitali moja, yeye kwenye mashine, mimi kwenye kukunja mashuka. Kwa hiyo nilipomwambia Baba kwamba nashinda na wauguzi, haikuwa uwongo wote. Niliwaona wakipita.

Televisheni tuliiokota kando ya jalala la jengo letu. Iliharibika rangi, kila kilichokuwa cheupe kilionekana cha waridi, na ndiyo iliyonifundisha Marekani ilivyo. Kulikuwa na stesheni iliyotangaza hali ya hewa kutwa kucha, na mtangazaji mmoja mwenye tai pana ambaye Saada alimwita Bwana Mawingu. Bwana Mawingu alisimama mbele ya ramani, akapitisha mkono, na palipokuwa na theluji pakawa pa waridi. Nilijifunza kusoma ramani ile kuliko nilivyowahi kujifunza kitu shuleni. Nilijua majimbo ya juu yote kwa umbo. Nilijua kwamba wingu likipita juu ya maziwa makubwa linashuka na theluji upande wa pili. Kila Jumapili niliamka alfajiri, nikasali, nikawasha televisheni bila sauti ili nisimwamshe Saada, nikatafuta theluji inaanguka wapi saa ile ile. Ikiwa Minnesota ilikuwa ya waridi, moyo wangu ulitulia. Ikiwa haikuwa, niliangalia majirani zake nikakisia itafika lini.

"Bwana Mawingu kasemaje?" Saada alikuwa akiuliza anapotoka chumbani, kanga begani.

"Inaanguka."

"Alhamdulillahi, leo wewe mkweli," alisema mara ya kwanza, akacheka, nami nikacheka. Miezi ya mwanzo ilikuwa kitu cha kuchekesha baina yetu. Nasema hivyo ili nisijitie machozi ambayo wakati ule sikuyatoa.

Baba hakuwa na simu. Simu ilikuwa dukani kwa jirani yetu, na Baba alitoka msikitini baada ya Alasiri, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha duka lile, akangoja. Kwetu ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, kwake saa kumi na nusu jioni. Sikumpa namba yangu. Nilimwambia simu ya bweni hairuhusiwi kupokea. Sikumpa anwani mpya pia. Nilimwambia barua za huko hukwama kwa theluji, asijisumbue. Kwa hiyo mlango kati yetu ulikuwa mmoja tu, na kitasa kilikuwa upande wangu.

Ni lazima nieleze kwa nini mzee wa Malindi aliijali theluji kiasi kile. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa. Kuna dua ambayo wengi huisoma wanapofungua sala, mja anamwomba Mungu amsafishe makosa yake kwa maji, na kwa theluji, na kwa mvua ya mawe. Baba aliifundisha dua hiyo kwa miaka kama thelathini, kwa watoto ambao hawakuwahi kuona baridi zaidi ya barafu ya ukwaju inayouzwa kwenye vifuko. Kila mwaka mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, theluji ni nini?" na Baba alijibu, "Ni maji yaliyotakasika." Alijua kwamba hilo si jibu. Sasa alikuwa na binti anayeishi ndani yake.

"Hebu niambie, mwanangu," alisema Novemba ile, baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Inashuka kama mvua, au kama nini?"

"Kama... inashuka polepole, Baba." Nilikuwa nimeiona kwenye televisheni, ya waridi.

"Ukiishika mkononi?"

"Ni baridi."

Nikajua anangoja zaidi. Halafu akasema kwa upole, "Baridi hata mimi ningekisia, Riziki." Nikamsikia mwenye duka akicheka nyuma yake.

Kuanzia hapo aliuliza kila wiki. "Leo kwenu theluji inaanguka?" Ndilo lililokuwa neno lake, kwenu. Niliposema ndiyo, alisema Mungu akuhifadhi. Niliposema bado, alisema subira. Alichukua maneno yangu machache akayapeleka darasani, nayo yakafundishwa. Ninapoamka usiku, umri huu wangu, si uwongo mmoja mmoja unaonikaa moyoni. Ni kwamba uliandikwa kwa chaki.

Halafu ikaja Jumapili moja ya Januari. Niliamka nikasikia kitu kinagonga dirisha la jikoni, tika tika tika, kama vidole vya watoto wengi. Nikafungua mlango. Vipunje vyeupe vilikuwa vinashuka kutoka angani, vinaruka vikigusa saruji, na maegesho yote yalikuwa meupe. Nilipiga kelele. Saada alitoka mbio akidhani nimeungua. "Da Saada, theluji! Imetufuata mpaka huku!" Tulitoka na kandambili miguuni, tukateleza, tukashikana, tukakinga kanga zetu, na vile vipunje vikajaa ndani vikilia. Vilikuwa vigumu. Vilipopiga mashavu viliuma. Saada alitia kimoja mdomoni akasema, "Maji matupu, hata sukari hawakutia." Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nitoke nyumbani. Nilirudi ndani nikapiga simu huku nywele zinadondoka maji, na ile ndiyo simu pekee mwaka ule niliyopiga bila kuitazama ramani kwanza.

"Baba, nimeiona!"

"Umeiona? Si ulisema wiki tatu hizi inaanguka?"

"Zile niliziona dirishani, Baba. Leo nimetoka nikaigusa." Uwongo ulikuja wenyewe, kama mtu aliyezoea nyumba na haongozwi tena.

"Ehe! Ikoje?"

"Inalia, Baba! Inalia kama mchele ukimwagwa kwenye sinia. Na ni ngumu, inaruka chini, na ikikupiga usoni inauma."

"Subhanallah. Inalia!" Nikamsikia akigeuka kuwaambia watu wa dukani, sauti imepanda kama ya mtu aliyeletewa habari ya harusi. "Anasema inalia kama mchele kwenye sinia!" Mtu akauliza kitu, Baba akajibu, "Ameigusa kwa mkono wake huyu."

Adhuhuri ile ile, jirani wa juu, mama Mbosnia aliyekuwa na Kiingereza kibovu kama changu, alinikuta nikikwangua vile vipunje kwenye ngazi za nje. Nikamwonyesha maegesho, nikamwambia kwa fahari, snow. Akacheka mpaka akashika ukuta. "No snow," akasema. "Ice. Rain, ice." Akanionyesha kwa vidole namna theluji yenyewe inavyoshuka, polepole, inayumba, kisha akaweka kidole mdomoni. Shh. Haina sauti. Kumbe nililoliona ni mvua iliyoganda njiani, vipunje vya barafu, kitu cha Texas. Baadaye barabara ziligeuka kioo na dobi ikafungwa siku mbili. Nilikaa sebuleni siku hizo mbili nikijua kwamba jambo pekee nililomweleza Baba kwa moyo wangu wote halikuwa theluji. Ningeweza kusahihisha. Lakini ili niseme nilikosea ilibidi niseme kwa nini mtu aliyekaa Minnesota tangu Agosti hajui theluji. Nikaacha.

Wiki kama tatu zikapita. Jumapili moja Baba alipokea simu, tukasalimiana, akaniuliza afya, chakula, sala. Kisha akasema, "Kuna bwana amekuja kututembelea hapa, mtu wa Lamu, alikuwa baharia, ameishi Norwei miaka kumi. Nimemsimulia habari yako ya mchele."

"Ndiyo, Baba."

"Anasema theluji haina sauti. Anasema mtu hulala usiku, akaamka asubuhi ikawa imefika magotini, wala hakusikia kitu. Anasema kinacholia ni kitu kingine." Akangoja. Nilisikia redio ya dukani na mtu akidai chenji yake. "Mimi nikamwambia, katika dua vimetajwa mbali mbali, theluji na mvua ya mawe. Labda binti yangu aliona kile cha pili."

Hapo mlango alikuwa ameufungua yeye, kutoka upande ambao haukuwa na kitasa. Nikasema, "Labda ya Norwei ni tofauti, Baba."

"Labda," akasema. "Haya, mwanangu. Mungu akuhifadhi."

Jumapili iliyofuata swali lilibadilika. Hakusema tena, leo kwenu theluji inaanguka. Alisema, "Theluji inaanguka wapi leo?" Mimi nikajibu kama kawaida, nimetoka tu kuitazama ramani: "Huku, Baba. Tangu jana." Wiki iliyofuata tena: wapi leo? Huku, Baba. Nilidhani ni namna ya mzee kusema. Sikulisikia. Mtu anayeogopa kuulizwa husikiliza kama swali limekwisha, hasikilizi lilivyoulizwa.

Aliyelisikia ni Saada. Ilikuwa Machi, na jikoni alikuwa anakanda unga wa chapati, wakati Baba aliposema, "Mpe simu huyo mwenzio nimsalimie. Miezi yote hii unakaa naye sijamwambia hata asante." Nilifunika simu kwa kiganja nikamwambia Saada, nikamwonyesha televisheni, nikamwambia kwa midomo tu: Minnesota. Minnesota. Akafuta mikono akachukua simu.

"Shikamoo, Mwalimu. ... Hatujambo, alhamdulillahi. ... Ah, mie ndo nafaidi, n'nashukuru, ananikunjia nguo." Akacheka. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kwa hiyo nikajua ameulizwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya ramani, kidole juu ya jimbo. Saada alikitazama kidole changu muda mrefu kuliko adabu.

"Mwalimu," akasema, "mie niko jikoni toka alfajiri, nje sijatoka. Riziki huyu hapa. Muulize mwenyewe, atakwambia." Akanipa simu, akarudi kwenye unga.

Nilimwambia Baba inaanguka huku. Nilisema nikimtazama Saada mgongoni.

Nilipokata simu nilikuwa na hasira, na nitaiandika ilivyokuwa. Nilimwambia amenifedhehesha. Nilimwambia, "Neno moja tu, Da Saada, lingekugharimu nini?"

"Uwongo mie nasema," akajibu bila kugeuka. "Kwa msimamizi nasema, kwa mwenye nyumba nasema, leo asubuhi nimemwambia Mama Mikoba gauni lake zuri. Kwa mzee wa watu anayesomesha watoto Kurani, hapana. Usin'tie tena."

"Hajui kitu."

"Hajui?" Sasa akageuka, unga mpaka viwikoni. "We mtoto we, una masikio au una mapambo? Baba yako haulizi kama inaanguka. Anauliza inaanguka wapi. Wapi, Riziki. Mtu anayejua uliko anakuulizaje wapi?"

Nikamwambia anajifanya mwerevu. Nikamwambia yeye hana baba ndiyo maana hajui uzito wake. Baba yake alikuwa amekufa akiwa mdogo. Aliniambia mwenyewe, kwa kuniamini. Tulikaa siku tisa bila kuzungumza katika nyumba ambayo huwezi kufungua friji bila kumgusa mwenzio. Kila niliporudi kazini nilikuta sahani yangu juu ya jiko imefunikwa kwa sahani nyingine, chapati mbili na mbaazi. Kwa siku tisa zote. Hili nalo nilikusudia kuwaambia wale wanawake wa Houston, nikasema tu kwamba alipika vizuri.

Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Tangu siku ile nilijua. Nilijua kwamba kila Jumapili Baba anakaa kwenye kiti kile cha plastiki akiniwekea swali wazi, jibu lake likiwa neno moja, jina la mji, na kwamba hatanikemea nikilitaja. Nilijua hata sauti atakayoitikia. Nikazidi kusema huku. Nimejiuliza miaka yote hii ni kitu gani kilinizuia, na jibu la kweli si zuri. Haikuwa hofu ya kumuumiza. Nilikuwa nimeona kwamba ananisitiri, nikakuta sitara ile ni ya joto, nikakaa ndani yake. Nilimwacha mzee abebe uwongo wangu upande wake ili upande wangu uwe mwepesi.

Mwishoni mwa Aprili nilifanya kazi shifti mbili Jumamosi, nikaamka nimechelewa Jumapili. Dallas joto lilikuwa limeshaanza. Feni ilikuwa inazunguka na nilikuwa nimevaa dera jepesi lisilo mikono. Sikuwasha televisheni. Nilikwangua kadi ya simu, nikapiga. Sauti ya Baba ilikuwa imelegea. Alisema ana homa kidogo, kifua, si kitu. Kisha akakohoa, akapumzika, akauliza, na aliliuliza taratibu kuliko siku zote, neno moja moja.

"Theluji inaanguka wapi leo, mwanangu?"

Saada alikuwa amekaa dirishani. Wakati ule tulikuwa tumeshapatana, kwa maana ya kwamba yeye alikuwa amenisamehe. Hakunitazama, alitazama maegesho. Nilivuta pumzi, na nilikuwa na neno mdomoni, naapa lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Huku, Baba. Inaanguka."

"Haya," akasema. "Basi jifunike."

Baada ya simu niliwasha televisheni. Bwana Mawingu alipitisha mkono wake juu ya nchi nzima, kutoka bahari mpaka bahari, na hapakuwa na waridi popote. Kwenye ramani ile, siku ile, theluji haikuwa inaanguka mahali hata pamoja.

Jumapili iliyofuata nilipiga saa ile ile. Aliyepokea hakuwa Baba. Alikuwa mdogo wangu Athmani, na alisema jina langu kabla sijasalimu, kwa hiyo nikaelewa kwamba amekaa pale akiningoja mimi.

"Dada. Baba ametutoka."

"Lini?"

"Alhamisi alfajiri. Tumemzika Alhamisi hiyo hiyo, baada ya Adhuhuri."

Siku tatu na zaidi. Alhamisi nilikuwa nakunja mashuka. Ijumaa tulicheka kazini, nakumbuka hata tulichokicheka. Athmani alikuwa analia na anajizuia. Akasema walitaka kunijulisha, hawakuwa na namba. Akasema yeye alitafuta karatasi zangu za zamani akapata simu ya chuo, akampata mtu wa kumsemea Kiingereza, na kule Minnesota wakamwambia hawana mwanafunzi wa jina hilo, aliondoka Septemba.

"Baba alikuwa ameshanikataza," akasema. "Jumatano, alipozidiwa, nilimwambia naenda kumpigia Riziki chuoni. Akasema, 'Usimtafute huko. Ngoja Jumapili, atapiga.' Nikamuuliza, huko kwa nini? Akasema, 'Hayuko huko. Msimuulize. Atasema mwenyewe.' Mimi ndiye niliyebisha nikapiga."

Nilikaa chini sakafuni. Saada alikuja akakaa nyuma yangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu, kama tulivyokaa wakati mwingine tukichambua mchele. Athmani hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alivuta makamasi, akasema mambo ambayo watu husema, nani alimwosha, nani alishuka kaburini, watoto wa madrasa walivyojaa mpaka barabarani. Kisha akasema kwamba wamekwenda kwa kadhi kwa ajili ya mirathi, na kadhi anataka majina ya warithi wote na mahali kila mmoja anakoishi. Majina ameshayaandika. Karatasi anayo hapo hapo juu ya kaunta ya duka.

"Uko wapi, Dada?"

Saada hakutikisika. Feni ilizunguka. Nikasema, "Dallas." Nikamtajia herufi, moja moja, kwa sababu hakuwahi kulisikia jina hilo. Nikamtajia jimbo, nikamtajia mtaa, namba ya jengo, namba ya mlango. Nikamtajia namba ya simu. Sikumsikia akiandika.

"Athmani? Umeipata?"

"Nangoja," akasema. Halafu akauliza, na hakuwa akitania wala kunichoma, alikuwa anataka kujua tu, kwa ajili ya kadhi. "Niandike kwa penseli, au niandike kwa kalamu?"

"Kalamu," nikasema.